Siku za Kusubiri

Kinole,
9 Februari 2003

Kwako binti Raya Stambuli,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya. Sisi huku mlimani hatujambo, ila goti langu la kulia limegoma, na barabara imeharibika kiasi kwamba magari hayafiki. Anayetaka mjini hushuka kwa miguu mpaka Mkuyuni. Ndiyo maana barua hii nimemkabidhi Pili, anayeshusha mananasi kila wiki. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba umefungua kibanda cha kuchapa hapo Mwembesongo, nami nilifurahi kusikia.

Utakikumbuka kitabu chetu cha mradi, Mwongozo wa Bustani Milimani, nilichokiandika kwa mkono nawe ukakiingiza kwenye kompyuta. Utakumbuka pia yaliyotukuta mwaka jana. Jirani yangu Hatibu alipuliza dawa kwenye nyanya zake, akasubiri siku nne kama kitabu kilivyosema, badala ya kumi na nne, akavuna. Mtoto wake Asha akazila, akalazwa siku nane. Baada ya kile kikao, meneja Ezekiel aliagiza kikaratasi cha sahihisho kibandikwe kwenye kila nakala, nikadhani shauri limekwisha.

Jumatano iliyopita mkwe wangu Lucy alirudi kutoka mjini na nakala mpya, karatasi bado nyeupe pe. Amechapishiwa kwenye duka moja karibu na stendi. Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja: siku nne. Kikaratasi hakuna. Kumbe zile diski tulizogawa bado ziko madukani, na kila anayeomba anachapishiwa kosa lilelile la uchapaji. Nawe unajua hali ilivyo tangu biashara ya pembejeo iachiwe watu binafsi. Zamani chama cha ushirika kilileta dawa moja na maelezo yake. Sasa kila duka lina chupa yake yenye maandishi ya kigeni, na mkulima hana pa kuuliza. Anakiamini kitabu.

Mradi umefungwa tangu Desemba. Nimeambiwa waraka ule ulifungwa kwa neno la siri, yaani unasomeka na unachapika, lakini haubadiliki, na neno hilo uliliweka wewe. Naomba uniandikie nimpe mtu wa hapo mjini aurekebishe. Nyanya zinapandwa mwezi ujao. Ikifika Mei watu watakuwa na mabomba ya dawa mgongoni.

Mimi mzee wako,
Agustino Mloka
(Bwana Shamba mstaafu)


Huduma za Uchapaji,
Mwembesongo, Morogoro.
17 Februari 2003

Bw. Agustino Mloka,
Kinole.

YAH: NENO LA SIRI LA MWONGOZO WA BUSTANI MILIMANI

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Neno la siri la waraka uliotajwa lilikuwa mali ya mradi. Silikumbuki.

Hata hivyo neno peke yake lisingetosha. Kufuli lile halikuwekwa kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Mradi ulinunua programu ya nyongeza, inayopachikwa ndani ya ile kubwa, na leseni yake ilisajiliwa kwa kompyuta moja tu, ya ofisini. Kwenye kompyuta nyingine programu hiyo inakuruhusu kufungua na kutazama. Ukitaka kuhifadhi badiliko, hata la nukta, inadai namba ya leseni. Kunakili maandishi nako kulizuiwa, kwa maagizo ya meneja.

Nashauri uwasiliane na aliyekuwa meneja.

Nakutakia kazi njema.

Raya Stambuli
Mchapaji


Kinole,
23 Februari 2003

Binti yangu Raya,

Barua yako imefika. Nimeisoma, nikaigeuza nyuma kutazama kama kuna salamu umezisahau huko. Umeniandikia kama mtu anayemwandikia bwana kodi. Tumekaa ofisi moja miaka miwili, nami nina mabinti wa umri wako.

Huyo meneja unayenielekeza kwake aliondoka Morogoro bila kuacha anwani. Nimeuliza kwa paroko, nimeuliza kwa katibu kata, hakuna anayejua. Mambo ya leseni siyaelewi na sitajifanya nayaelewa. Ninachoelewa ni kwamba jana mtu wa kitongoji cha juu alikuja kuniuliza habari za dawa ya viwavi, na kwapani ana nakala mpya kama ile ya Lucy. Nimemwandikia kwa kalamu, moja kabla ya nne. Lakini wangapi watapita kwangu?

Kama unasita kwa sababu ya yaliyopita, basi nikutoe wasiwasi. Hakuna anayekulaumu tena. Kidole kuteleza ni jambo la binadamu, na wote tulisikitika kwa lililokupata. Jitahidi ulikumbuke hilo neno.

Mzee wako,
Agustino Mloka


Mwembesongo,
3 Machi 2003

Mzee Agustino,

Shikamoo.

Hunilaumu tena. Ahsante.

Nitakukumbusha jambo, kwa kuwa ama umelisahau ama umetaka kulisahau. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa tisa, mwaka 2001. Nilikuwa nimefika ukurasa wa arobaini na moja. Nikachukua daftari lako nikaja mezani kwako. Ulikuwa unakula muhogo wa kuchemsha, na chumvi umeiweka kwenye kipande cha gazeti. Nikakuuliza, "Bwana Shamba, hapa ni siku nne au kumi na nne?"

Hukulitazama daftari. Ukaniambia, "Binti, wewe chapa kilichoandikwa. Dawa niachie mimi."

Nikachapa kilichoandikwa.

Kwenye kikao, meneja alipouliza kosa limeingilia wapi, watu sita walinitazama mimi. Wewe ulitazama dirishani. Nilingoja useme hata neno moja, kwamba niliuliza. Nilijua nikisema mwenyewe nitaonekana nawatupia wazee lawama. Mkataba wangu ukakatishwa siku ileile kabla ya adhuhuri.

Halafu huenda hukusikia yaliyofuata, maana mlimani habari hizi hazipandi. Ofisi tatu nilizoomba kazi zilinijibu kwamba nafasi imejaa. Bwana Abdulmajid, mwenye duka la vifaa vya ofisi, alinichukua nichape barua za wateja. Nikakaa wiki tano. Siku moja jirani yako Hatibu akaja kutoa nakala ya cheti cha mtoto, akanitambua kutokana na siku ile alipokuja kulalamika mradini. Akasema mbele ya wateja, "Kumbe yule wa sumu yuko hapa." Hakupaza sauti. Ila duka zima lilisikia. Kesho yake Bwana Abdulmajid akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akaniambia nipumzike kwanza. Hapa mtaani bado wapo wanaoniita hivyo, wa sumu.

Daftari lako ulirudishiwa. Nililikabidhi mkononi mwako kabla hatujaanza kugawa diski, ukaenda nalo Kinole. Lenye jalada jekundu. Lifungue. Kama umeandika kumi na nne, niandikie, nami nitapanda mpaka huko kwa miguu kukuomba radhi. Kama umeandika nne, niandikie pia.

Raya Stambuli


Kinole,
30 Machi 2003

Mwanangu Raya,

Pili amenipitia mara tatu kuuliza kama kuna barua, mara tatu nimemwambia bado. Mara ya tatu aliniuliza kama naumwa.

Daftari liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilijua liko pale tangu siku ya kikao. Mwaka mzima sikulifungua, na sababu yake unaijua. Nimelifungua juzi baada ya misa. Nililitoa nje juani, nikavaa miwani yangu, kisha nikaazima ya mke wangu. Nilikuwa naitafuta moja iliyofutika. Haipo. Ni nne tupu, kwa mkono wangu, wino umekolea vizuri.

Nimekaa nikatafakari imetokea wapi. Dawa ile ya zamani ya ushirika, niliyowafundisha watu miaka ishirini, ilikuwa ya kusubiri siku nne. Ilipokuja hii ya maduka, chupa yake ina rangi ileile na kifuniko kilekile. Niliandika jina jipya, nikaweka siku za zamani. Chupa sikuisoma. Mimi ninayewafokea watu wasome chupa.

Sasa lililo zito zaidi. Siku ya kikao sikuwa nimesahau. Ulipoinua uso kunitazama nilikumbuka mpaka ule muhogo. Nikajisemea moyoni kwamba labda niliandika kumi na nne na wewe hukuona vizuri, na nikaling'ang'ania hilo labda mpaka kikao kikaisha. Huku mlimani watu hawaniiti Agustino. Wananiita Bwana Shamba, hata watoto. Niliogopa wataniitaje wakijua. Basi wewe ukapewa jina badala yangu.

Siombi unisamehe ndani ya barua. Nakuarifu tu kwamba umesema kweli, na daftari ninalo, na yeyote anayetaka kuliona nitamwonyesha. Hatibu sijamwambia. Kila asubuhi anapita na jembe begani, ananiamkia shikamoo, nami naitika.

Mvua imeanza. Watu wanapanda.

Agustino Mloka


Mwembesongo,
7 Aprili 2003

Mzee wangu Agustino,

Shikamoo. Natumaini goti lina nafuu. Mama anakusalimia. Ndiye aliyenisomea barua yako, kwa sababu nilipofika katikati sikuweza kuendelea.

Nilidhani nikiipata barua kama ile nitaipeleka kwa Bwana Abdulmajid, niipeleke mpaka msikitini. Imekaa ndani ya sanduku la cherehani siku tatu sasa. Sijampelekea mtu.

Na mimi nina langu. Nilikuandikia kwamba silikumbuki neno la siri. Nililikumbuka siku zote. Meneja alipotuagiza tufunge ule waraka, alisema tuulinde ili wauza dawa wasije wakachezea vipimo, na akaniambia nichague neno ambalo sitalisahau. Neno nililochagua ni kuminanne.

Nadhani umeelewa. Wiki ileile uliyonijibu vile nilipita duka la pembejeo, nikaomba kuishika chupa. Ilikuwa imeandikwa kumi na nne. Ningeweza kurudi kwako na kukwambia. Nilikuwa nimechukia namna ulivyonijibu, nikasema moyoni, dawa si ameachiwa yeye? Nikafunga waraka na kosa likiwa ndani, nikaweka jibu kwenye kufuli, nikaenda nyumbani. Miezi sita baadaye mtoto wa watu akalazwa. Kwa hiyo wakati wananitazama kwenye kikao, sehemu ya macho yale ilikuwa haki yangu. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikikukumbuka wewe na muhogo wako ili nisiikumbuke ile chupa.

Sasa kazi. Neno nililijaribu kwenye kompyuta yangu, likakubali. Nikabadilisha nne kuwa kumi na nne. Nilipotaka kuhifadhi, ikadai namba ya leseni, kama nilivyokueleza. Nikasikia kompyuta ya mradi ilinunuliwa kwenye mnada na mwalimu mmoja anayekaa kule Mzinga. Nikaenda. Mwalimu mkarimu sana, akaniwashia. Diski yake ilishafutwa yote, wanawe wanaichezea karata. Nikawaandikia wauzaji wa programu, Dar es Salaam. Wamenijibu kwa heshima kwamba leseni ni ya mradi, na anayeweza kuomba ihamishwe ni mradi. Nikawapigia simu kuwaambia mradi umekufa. Dada aliyepokea akasema basi na leseni imekufa nao.

Zipo diski mjini zenye programu hiyo kufuli likiwa limeshavunjwa. Nimeonyeshwa. Nimekataa, jina moja baya linanitosha.

Kwa hiyo ninakichapa upya, kurasa zote themanini na sita, kwa programu ya kawaida. Nimefika ukurasa wa hamsini na tatu. Safari hii kila kipimo nakwenda nacho dukani nikisome kwenye chupa. Nimekuta viwili vingine vya kukuuliza, nimeviandika kwenye karatasi ya pili. Tafadhali usinijibu kwa kumbukumbu.

Nataka ushauri wako. Nikifunge tena, au nikiache wazi? Nikikiacha wazi, mwenye duka yeyote anaweza kugeuza namba auze dawa zaidi. Nikikifunga, kosa jingine likiwamo nalo litakaa humo tunalitazama. Kufuli linashika chochote lilichokikuta.

Halafu kuna ukurasa wa kwanza. Nafikiri watu waambiwe kwamba lile toleo la zamani si la kutumia. Nimeandika hivi: Toleo la kwanza lilikosea siku za kusubiri katika ukurasa wa 41. Kosa hilo lilikuwa la mwandishi. Mchapaji aliliona akanyamaza. Sitaliweka bila ruhusa yako.

Mwanao,
Raya


Kinole,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2003

Mwanangu Raya,

Majibu ya vile vipimo viwili nimekuandikia nyuma ya karatasi yako. Nimemtuma Lucy dukani Mkuyuni anisomee chupa, na mimi nikaenda nyuma yake kwa fimbo kuhakikisha.

Ijumaa Kuu, baada ya ibada, nilikwenda kwa Hatibu. Nilikuta anapalilia iliki. Nilibeba daftari. Nilimwambia wima, maana ningekaa ningeanza na habari za mvua. Nikamwonyesha ile nne. Nikamwambia kwamba binti mchapaji aliniuliza nami sikumsikiliza, na kwamba kwenye kikao nilijua, nikanyamaza. Habari ya chupa sikumwambia. Hiyo ni yako.

Alilishika daftari muda mrefu. Hatibu si msomaji, lakini namba anazijua. Asha alikuwa pale mlangoni anamenya ndizi, amekua, amekuwa mrefu. Hatibu akamwambia aende kwa bibi yake. Kisha akaniuliza, "Mwaka mzima unaniitikia marahaba?"

Nikasema ndiyo.

Akanirudishia daftari, akaendelea kupalilia. Jumamosi alipita na jembe, hakuniamkia. Leo pia hakuniamkia. Nimemweleza mke wangu kwamba ndivyo inavyopasa na asije akaenda kumbembeleza.

Kuhusu kufuli, nimelifikiria usiku na mchana. Kifunge, lakini neno la siri tulijue watatu: wewe, mimi, na bwana shamba mpya wa kata. Anaitwa Innocent, ni kijana msikivu. Na mwisho wa kitabu andika anwani yako, kwamba anayetilia shaka kipimo chochote aulize kabla hajapuliza, na atajibiwa. Wakati wangu kitabu hakikuwa na mahali pa kuuliza. Hata mwandishi mwenyewe hakuwa mahali pa kuuliza.

Ule ukurasa wa kwanza una ruhusa yangu, kwa marekebisho mawili. Umeandika "la mwandishi". Waandishi ni wengi. Andika Agustino Mloka wa Kinole. Na lile la mchapaji liondoe. Uliuliza. Ukanyamaza baada ya mtu mzima kukunyamazisha. Hilo kama lina wa kuambiwa, aambiwe kwa mdomo, na utachagua mwenyewe ni nani. Mtu akipuliza nyanya hahitaji kulisoma.

Nakuombea heri.

Agustino Mloka


Mwembesongo,
12 Mei 2003

Mzee wangu,

Shikamoo. Kitabu kimekwisha. Nakala yako anayo Pili, nimeifunga kwa nailoni kwa ajili ya mvua. Ukurasa wa kwanza uko kama ulivyotaka. Mama aliusoma akasema mwandishi huyu hakujihurumia.

Nimezunguka maduka kumi na moja na diski mpya. Tisa wamenirudishia za zamani, nimezivunja mwenyewe kwa nyundo. Mmoja alisema yake imepotea, nikamwachia mpya na nakala ya ukurasa wa kwanza aibandike ukutani. Wa mwisho, yule wa karibu na stendi, alikataa. Alisema mimi si mradi, na hawezi kupokea waraka kutoka kwa mtu wa kibandani. Nimerudi kwake mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda na Innocent, ndipo mwenye duka akakubali. Kama ziko nyingine tusizozijua, sina njia ya kuzifikia, na hilo linaninyima raha. Innocent ameahidi kulitangaza kwenye mikutano ya vijiji, kuanzia Mkuyuni.

Neno jipya la siri nimemwambia Innocent kwa mdomo, akipanda huko atakwambia. Usiliandike.

Sasa nikueleze la Alhamisi. Nilikuwa na wateja wanne kwenye benchi. Hatibu akaingia, na mtoto. Niliona vidole vyangu vimesimama juu ya kibodi. Hakuja mbele, alikaa mwisho wa benchi akasubiri zamu yake kama wengine. Ilipofika akasema amesikia kuna kitabu kipya, anataka nakala, na anaomba asomewe ukurasa wa arobaini na moja hapohapo, kwa sauti.

Nikausoma. Nilipofika siku kumi na nne akasema rudia. Nikarudia.

Kisha nikamwambia langu. Sikupanga, na sikungoja wateja watoke. Nilimwambia niliiona chupa kabla mtoto wake hajaugua, nikakaa kimya kwa hasira. Nikamwambia kwamba Mzee Agustino hakulitaja hilo kwa kuwa si lake.

Asha alikuwa amesogea kwenye printa anatazama karatasi zinavyotoka, moja moja, anazipokea kwa mikono miwili kabla hazijaanguka. Hatibu akamtazama mpaka karatasi ya mwisho ikatoka. Akazichukua, akazigonga juu ya meza zikae sawa.

Akasema, "Mwaka mzima nimekuwa nikikuita jina. Sijui unaitwa nani."

Nikamwambia.

Raya Stambuli